Bereti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 7 Julai

Baridi kali. Nimeshinda kwenye ukumbi wa usharika tangu asubuhi, napanga maonyesho ya mavazi ya zamani ya kijeshi. Helmeti ya jua haitaki kukaa sawa kwenye kigingi chake, nimeishindilia magazeti ndani. Watu wanaiona wanadhani ni chuma. Wakiibeba wanashtuka. Ni moyo wa mmea tu, mwepesi kama sponji iliyokauka, juu yake kimevutwa kitambaa.

Mchungaji anaiita chapeo. Nikamwambia chapeo ni ya vita, hii ni ya jua. Akasema yeye neno hilo amelikuta kwenye Biblia. Nikasema hata kwenye Biblia halikuwa na maana ya kofia hii. Hakucheka.

Kesho vibandiko vya maelezo. Maneno yananitesa kuliko nguo zenyewe. Kaki, kwa mfano. Ni rangi. Kitambaa kinaitwa drili, pamba iliyofumwa kwa mistari ya mshazari. Lakini mtume mtoto dukani akalete kaki, atarudi na kitambaa, na hakuna atakayemcheka. Kabuti si koti. Pama si kapelo. Bereti si mzula wa kufuma. Gwanda na kombati watu wanavichanganya kila siku. Nimelipigia kelele jambo hili chuoni miaka yote ninayofundisha ushonaji, mpaka wanafunzi wananiita Mwalimu Kofia.

Huwa najifanya kuchukia. Nalipenda jina hilo.

Alhamisi, 10 Julai

Kabuti la sufu limefika, kutoka familia moja ya Tosamaganga. Zito. Nondo wamelila kwapani. Kijana aliyelileta alisema ni la babu yao, la wakati wa Mjerumani. Nikageuza kifungo, nikamwonyesha taji. Taji la Mwingereza. Nikamwambia Mjerumani hayupo hapa, kaka. Kina mama waliokuwa wanafagia wakacheka.

Yule kijana akauliza kama bado tunalitaka. Nikasema tunalitaka sana. Akaondoka haraka.

Nimemsimulia Tumaini wakati wa chakula. Mke wangu hakuona cha kuchekesha. "Ungemwambia pembeni," alisema. Nikajibu kweli haina pembeni. Nilijiona nimesema jambo.

Jumapili, 13 Julai

Baba mkwe amekubali. Atakuja Jumamosi kuwa mgeni wetu na kuzungumza na vijana. Tumaini ameimba jikoni mchana kutwa.

Mzee Asukile alikuwa mwanajeshi, alipigana vita vya Kagera. Alipotoka jeshini alihama na mkewe wakaenda Rujewa kulima mpunga, wapo huko mpaka leo. Bereti yake ya jeshi anaivaa mara chache kwa mwaka. Mazishi ya wenzake. Siku ya Mashujaa. Macho yamefunga, mtoto wa jicho kote kuwili, anaona vivuli tu. Upasuaji hataki kuusikia.

Simfahamu vizuri. Tangu nimuoe binti yake tunazungumza mvua na bei ya mpunga. Mimi Mbena wa mjini ninayeshona, yeye Mnyakyusa mwenye shamba na historia. Sidhani kama amewahi kuiona kazi yangu kuwa kazi. Nataka Jumamosi aione.

Nimeandika "aione", naye haoni. Hata hivyo.

Ijumaa, 18 Julai

Wamefika saa kumi. Baba alishuka kwenye basi ameshika foronya nyeupe kifuani, ndani mna bereti. Kaishika hivyo kutoka Rujewa. Mama mkwe anamwongoza kwa kiwiko, kwa namna ambayo usipojua utadhani yeye ndiye anayeongozwa.

Nikaomba kuiangalia bereti kidogo, niandike kibandiko. Mama akaichukua foronya kabla Baba hajanyoosha mkono. "Kesho, Baba Eliya," aliniambia. "Leo tumechoka." Akaipeleka chumbani.

Nimekasirika kidogo. Bereti yao wanaificha, na maonyesho ni yangu.

Jumamosi, 19 Julai

Jioni. Nyumba kimya. Tumaini hajanisemesha tangu turudi.

Niandike ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Baba mkwe kiti cha mbele, bleza ya bluu, medali kifuani, bereti imelalia sikio la kulia. Aliposimama watu walinyamaza wenyewe. Akasimulia kuhusu rafiki yake, mtu wa Tukuyu, walikuwa wakilala handaki moja. Aliuawa asubuhi, karibu na barabara. Hapakuwa na turubai wala blanketi, na nzi walikuwa wengi. Baba akavua bereti yake akamfunika uso. Akakaa naye hivyo mpaka walipokuja kumchukua. Kisha akaivaa tena. "Ndiyo hii," alisema, akaigusa. Mama mmoja alikuwa analia waziwazi.

Ikafuata zamu yangu. Nieleze kofia za kijeshi. Nilianza na tarbushi, nikaja kwenye helmeti, na ukumbi wote ulikuwa bado unamtazama yeye. Niliona hivyo. Nikaenda nikamwomba bereti. Akanipa mwenyewe, kwa mikono miwili.

Nilijua mara tu nilipoigusa. Ya jeshi ni sufu, imekandwa mpaka imekuwa felti. Hii ilikuwa nyuzi za kiwandani, zile zinazong'aa kidogo na kutoa cheche ukizisugua. Nikaipindua. Ndani kuna lebo ya kampuni ya mitindo, imefifia, na ua dogo la pinki. Mkanda wa ngozi pembezoni ulikuwa umeshonwa kwa mkono.

Ningeweza kuirudisha. Ningeweza kusema ahsante, Baba.

Nikasema: "Hapa sasa mtaona jinsi jicho linavyodanganywa. Hii si bereti ya jeshi. Hii ni bereti ya kike, ya mtumba. Na mkanda huu kauongeza mtu ambaye hajui kushona."

Watu wakacheka. Nikainua ile lebo, wakacheka tena. Katibu wa usharika akapaza sauti kutoka nyuma: "Kumbe mzee ulikuwa unatuigizia!"

Baba mkwe alisimama. Akaelekeza uso pale sauti yangu ilipokuwa.

"Hiyo ni yangu," alisema. "Nilipewa jeshini."

Nami nikamjibu, kwa ile sauti ninayotumia darasani: "Baba, labda umesahau."

Mama mkwe alikuwa ameshainuka anatoka nje. Nilidhani anakwenda msalani.

Jumapili, 20 Julai

Wameondoka alfajiri. Chai hawakunywa. Mama aliitikia shikamoo yangu. Baba hakuitikia. Alikaa kitandani viatu vimeshafungwa, foronya iko sakafuni, tupu. Bereti sijui iko wapi.

Kanisani katibu alinishika bega. Anasema nimefanya vizuri, siku hizi kila mzee anajiita shujaa. Wawili wengine wakauliza kama hata ile medali ni ya kweli. Na habari ya rafiki wa Tukuyu, je?

Nilikuwa na mdomo na sikujibu.

Tumaini alibaki nyumbani. Nimemkuta amekaa na kikombe kilichopoa. Akasema neno moja tu: "Baba yangu."

Jumanne, 22 Julai

Nimetoka darasani katikati ya kipindi.

Jambo ambalo sikuandika Jumamosi. Nembo ilikuwa ya kweli. Ile ya shaba, mbele ya bereti. Niliiona. Nyuma yake pini za zamani, shaba imelika pale kidole gumba cha mtu kinaposugua kila mwaka. Niliijua kama ninavyojua mkasi wangu. Nikaipita. Ningeitaja, somo langu lingeharibika, na watu walikuwa wanacheka vizuri.

Ndivyo nilivyo. Mtu wa kweli isiyo na pembeni.

Mchana Mama mkwe akapiga simu. Nilitoka nikasimama nyuma ya karakana. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alieleza taratibu kama anayeeleza njia. Panya walizalia ndani ya bereti, mwaka ambao macho ya Baba yalianza kufifia. Ilinuka. Akachemsha maji, akaitia sabuni, akaisugua kwa nguvu zake zote. Ilipokauka ilikuwa imejikunja, ndogo, ngumu, haimtoshi hata mtoto wa shule. Alilia siku nzima. Kisha akapanda basi kwenda Mbeya, akazunguka mitumba ya Mwanjelwa mpaka akapata ya kijani inayofanana. Akahamisha nembo. Akakata pochi yake ya kanisani, akashona mkanda ule wa ngozi, kwa kuwa alijua Baba atapapasa pembezoni.

Hajui kushona. Hilo nimelisema mimi, mbele ya watu.

Sufu ikikutana na maji ya moto na msuguano inasinyaa, haitanuki tena. Nafundisha hivyo kila mwaka, mwaka wa kwanza, wiki za mwanzo.

Nikamwambia nitakuja nimweleze Baba. Akanikataza. "Akijua ni mimi nimeiharibu, ile iliyomfunika mwenzake, nitamtazama vipi?" Kisha akasema kilichomfanya apige simu. Baba hali chakula. Anakaa anauliza maswali. Kama kofia si yenyewe, basi aliyefunikwa ni nani? Alifunikwa na nini? Jana alimuuliza Mama kama wana hakika yeye alikuwa jeshini.

Niliinama. Wanafunzi walikuwa wananiona dirishani.

Ijumaa, 25 Julai

Siku ya Mashujaa. Tumaini amempigia mamaye. Kila mwaka Baba huvaa bleza mapema anakwenda kukaa na wazee wenzake pale Rujewa mjini. Leo wamemfuata wawili mpaka nyumbani. Amewaambia anaumwa. Wakamwambia wewe huumwi. Akawaambia waende.

Nimemweleza Tumaini yote. Maji ya moto, Mwanjelwa, pochi. Na nembo pia. Nilidhani atapiga kelele. Alisimama akakunja nguo zilizoanuliwa, zote, mpaka soksi.

"Kesho twende," alisema.

Nikamkumbusha Mama amekataza. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye kipofu. "Mama anaogopa aibu. Na wewe unaogopa aibu. Baba yangu anaogopa kichwa chake mwenyewe."

Jumamosi, 26 Julai

Rujewa. Naandika kibarazani kwa wakwe, jua linazama, vumbi la ng'ombe wanaorudi limejaa barabara nzima. Nimewekewa kiti. Hakuna aliyekaa karibu.

Safari nzima nilipanga maneno. Makambako nilikuwa na hotuba. Igawa zilikuwa zimebaki sentensi mbili. Tulipofika Baba alikuwa uani kwenye mkeka, kichwa wazi, mpunga umeanikwa pande zote. Sikuwahi kumwona bila kofia yoyote. Kichwa kidogo, kina kovu. Nilipiga magoti kwenye mpunga nikasema shikamoo. Aliitikia. Nikasema, Baba, nimekuja kuomba radhi.

"Kwa kipi?" aliuliza. "Ulisema uongo?"

Hotuba yote ikapotea. Nikasema nembo ni ya kweli, Baba, ni ya jeshi, niliiona na sikuisema. Akauliza bereti, je? Nilimtazama Mama mkwe. Alikuwa mlangoni ameshika ungo.

Akauweka chini. Akaingia ndani. Tulisikia sanduku linaburutwa. Akarudi na kitu kimefungwa kwenye kitenge, akapiga magoti upande wa pili wa mkeka, akamwekea mkononi.

Ilikuwa imebaki ukubwa wa kiganja. Nene kama kwato. Baba aliipapasa pembezoni, ngozi yake iliyokunjamana, kile kifundo cha kamba nyuma. Akapeleka kidole gumba mahali penye matundu mawili, nembo ilipokuwa. Kidole kikakaa hapo.

Mama alisema yote. Kwa Kinyakyusa, haraka, analia, nilishika neno hapa na pale. Maji. Panya. Mbeya. Tumaini naye analia. Baba hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza akauliza swali moja, hilo kwa Kiswahili, labda kwa ajili yangu.

"Kwa hiyo ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, Baba Tumaini. Ndiyo hiyo."

Akaiinua akaiweka usoni. Kuku wakaanza kula mpunga na hakuna aliyewafukuza.

Kisha akamwambia Mama kwamba amekasirika na ataendelea kukasirika, na amletee maji ya kunywa. Mama akakimbia kama msichana.

Nilibaki mimi. Akasema, bila kunielekea: "Mke wangu amenidanganya miaka. Wewe umesema kweli siku moja. Lakini ukiniuliza nani kaniumiza, sitamtaja yeye."

Nikasema ndiyo, Baba.

"Sitaki magoti. Inuka, unaharibu mpunga."

Jumapili, 3 Agosti

Nimesimama kanisani wakati wa matangazo. Mchungaji alinipa nafasi, ingawa alijaribu kunishauri tuandike tu kwenye ubao wa nje. Nikasema kosa nililifanya kwa mdomo.

Nilisema Mzee Asukile ni mwanajeshi, na nembo ile ni yake, na nilijua. Kwamba bereti yake ya kwanza iliharibika nyumbani, mimi nimeiona kwa macho yangu. Mama sikumtaja. Kwamba siku ile nilitaka wanitazame mimi. Hilo la mwisho sauti iliisha katikati. Nikalirudia.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Hakuna. Watu walitazama viatu vyao. Mtu mmoja alikohoa. Katibu alinifuata nje akasema nimekuza jambo dogo, utani tu ule, na mzee mwenyewe hayupo kusikia. Nikamwambia wewe pia ulicheka. Uso ukambadilika. Sasa sina rafiki huyo.

Mama mmoja, yule aliyelia siku ile, alinipita bila salamu. Sijui kama ni kwa sababu ya kosa langu au kwa sababu nimemkumbusha kwamba naye alicheka.

Maonyesho tumeyafunga mapema. Nimerudisha kabuti Tosamaganga mwenyewe. Kijana hakuwepo. Nilimwachia dada yake ujumbe wa samahani, na yeye hakuelewa samahani ya nini.

Jumatatu, 11 Agosti

Darasani leo msichana mmoja aliita mzula bereti. Wenzake wakanigeukia, wanangoja. Nikaendelea kukata kitambaa. Baadaye nilimwita mezani kwangu nikamwambia taratibu. Akasema ahsante mwalimu.

Jambo dogo. Nimechelewa nalo.

Baba mkwe hapokei simu yangu. Ya Tumaini anapokea.

Jumatano, 10 Septemba

Baba amekubali kupasuliwa macho. Hakuna aliyemshawishi. Mama anasema asubuhi moja aliamka akasema amechoka kuambiwa vitu vikoje.

Ni Mbeya, wiki ijayo. Tumaini ana homa. Amemwambia mimi nitawasindikiza, Baba akasema haya. Nimeuliza mara mbili kama kweli alisema haya. Kasema.

Sijidanganyi. Anahitaji mtu wa kubeba mizigo.

Alhamisi, 18 Septemba

Mbeya. Asubuhi wametoa bandeji jicho la kwanza. Jingine baadaye.

Tulikuwa chumba kidogo, nesi, Mama, mimi karibu na mlango. Baba aliangalia mikono yake kwanza, mbele na nyuma. Kisha ukuta. Kisha Mama. Alimwangalia sana mpaka Mama akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Sikusikia walichosemezana.

Kisha mimi. Nilitaka kutazama chini, nikaona si haki. Alinipitia kutoka juu hadi viatu.

"Kumbe una mvi," alisema.

Nikasema ndiyo, Baba.

Basi.

Tulitoka kwa miguu, nyumba ya wageni haiko mbali. Kulikuwa na baridi na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima. Mama alimpa mkono, akaukataa. Alitangulia peke yake, kichwa wazi, akisoma mabango kwa sauti. Duka la dawa. Saluni. Fundi simu. Hapa tunauza vifaranga. Kila bango, kama anayehakiki. Mama alianza kucheka, naye akasoma kwa sauti kubwa zaidi.

Nilikuja nyuma na begi. Kwenye barabara kuu alisimama kungoja malori yapite. Nami nikasimama, nyuma yake kidogo.

Yalikuwa mengi. Tulingoja.